Kabla ya Ndoa Kufungwa

Siku ya harusi, iwe Handeni au Korogwe, nyumba huamka kabla ya adhana. Uani masufuria ya pilau yako juu ya mafiga, wanawake wanamenya vitunguu. Ndani, bibi harusi amekaa mkekani, somo yake anakagua kama hina imekolea viganjani.

Wapiga picha wengi hufika pamoja na msafara wa bwana harusi. Wamechelewa. Katika ndoa ya Kiislamu, mara nyingi walii ndiye anayemwozesha binti mbele ya mashahidi wawili, na binti mwenyewe yuko chumbani. Asipopigwa picha akisubiri, saa ile kubwa ya maisha yake itabaki bila sura yake.

Ewe mwenye kamera, fika mapema. Zima flashi, mwombe akae karibu na dirisha. Mwanga wa asubuhi ni mpole usoni. Lakini kwanza bisha hodi, uombe ruhusa, maana mle ndani wapo waliojifunua wakijua hakuna mgeni. Na mama yake, anayefuta machozi kwa upindo wa kanga, usimwache. Mpige picha na yeye.