Ukale wa Kutengenezwa: Utando, Ushahidi na Suala la Uongo

Gitaa lenye mwili wa shaba ya manjano huzeeka kwa kushikwa. Jasho la mkono huliondolea mng'aro, na rangi ya kahawia na kijani ikatanda taratibu. Fundi asiyetaka kungoja miaka arubaini huweza kuipata sura hiyo upesi kwa kuukwangua mwili vanishi, kisha kuupaka siki na chumvi, au kuufungia katika sanduku lenye mvuke wa amonia. Mnunuzi akiarifiwa kwamba ukale huo umetengenezwa, hudhaniwa kuwa suala la kimaadili limekwisha. Dhana hiyo ni ya haraka mno, kama inavyobainika chombo kinapobadilishwa na gitaa likaachwa.

Chombo chenyewe ni ekicholong, kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho, akakikalia mchana na kukilalia usiku ili nywele zake zilizosilibwa udongo zisiharibike. Weusi na ulaini wake hutokana na mafuta, jasho na kiganja cha mwenyewe. Utando huo, basi, ni wasifu. Kigoda kipya kinachofukizwa moshi na kusuguliwa mafuta ili mgeni apitaye Lodwar akidhanie cha kale (mbinu za aina hii katika biashara ya sanaa ya Kiafrika zilijadiliwa na Christopher Steiner katika kitabu chake cha 1994 kuhusu Côte d'Ivoire) husimulia maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuwako. Ni usimulizi wa nafsi ya kwanza usio na nafsi.

Kumlaumu mchongaji ni rahisi. Hata hivyo, mgeni ndiye anayekidharau kigoda kipya, hata kiwe kimechongwa kwa ustadi wa namna gani, akataka kilichotumika; yaani anataka mto wa mtu. Na mtu anayeuza mto wake mwaka wa ukame hauuzi kwa hiari kamili. Kwa kipimo hicho, utando wa uongo una huruma kuliko ule wa kweli.

Huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, mambo hayohayo huwapata wenye kusimulia. Mkimbizi anayeomba kuhamishiwa nchi nyingine huhojiwa, na masimulizi yaliyorudiwa mara nyingi hulainika kama kigoda. Ulaini huo huweza kushukiwa kuwa wa kubuni, ilhali umetokana na matumizi. Riwaya ya Dave Eggers, What Is the What (2006), husimulia kwa nafsi ya kwanza maisha ya Valentino Achak Deng, ikiwemo miaka yake Kakuma, na katika anwani yake hujiita tawasifu na papo hapo riwaya. Imekiri, kama gitaa lile. Lakini nguvu yake hutegemea msomaji kulisahau ungamo hilo tangu kurasa za mwanzo, na mhakiki hawezi kulipuuza jambo hili kwa kuwa tu jalada limesema kweli.

Tofauti ni kwamba Deng alishiriki kuuandaa utando huo, jina lake limo jaladani, na mapato ya kitabu yalielekezwa kwenye wakfu wake, uliojenga shule ya sekondari huko Marial Bai. Mchongaji wa kigoda hapati hata jina. Kila anapozidisha moshi huifuta sahihi yake mwenyewe, kwani mnunuzi wa kitu cha kale hatarajii kukutana na aliyekichonga.