Baiskeli isiyo na mzigo

Mwezi wa sita ukifika, Mungu akipenda, nitavuka mpaka wa Kasindi na baiskeli, kutoka Kongo kuingia Uganda, nyuma nimefunga hema, blanketi na sufuria moja, nishike njia ya Kikorongo, Kasese na mwishowe Fort Portal. Nina miaka 63. Mpaka ule naujua kama anavyoujua kila mtu wa Butembo wa umri wangu. Tumeuvuka kwa biashara, tumeuvuka kwa misiba ya ndugu zetu Wakonzo wa ng'ambo, na tumeuvuka tukikimbia. Kuuvuka kwa ajili ya kutembea tu, na kulala njiani kwa kupenda, sijawahi, na katika wanawake wa rika langu simjui aliyewahi.

Watu hawaniulizi kama magoti yataweza. Wananiuliza ninakwenda kuuza nini. Swali lina haki yake. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Mtu wa hapa hufunga safari ya Kampala, Dubai au Guangzhou kwa sababu kuna mali itakayorudi. Na kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli, imekuwa punda wetu. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, barabara ya Kisangani ilipokufa, vijana walizisukuma msituni majuma kwa majuma, zimesheheni chumvi, sabuni na vitenge. Hawakuzipanda. Walifunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakatembea kando, kifua kimelalia mzigo. Siku hizi pikipiki zimewanyang'anya kazi hiyo, lakini alfajiri bado utaona baiskeli zikishuka mjini na magunia ya mkaa na bidoni za pombe ya kasiksi, mwenyewe yuko chini anaburuta kandambili, maana breki ndizo hizo.

Mama yangu hakuwa hata na baiskeli. Alibeba kwa mgongo, mkanda umepita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba wanawake wengi wa Kinande hadi leo. Tulipomwosha kabla ya kumzika, mfereji wa ule mkanda ulikuwa bado upo juu ya nyusi zake. Mimi niliponea kwenye chaki. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nywele zikageuka. Lakini hata mimi nikitoka nyumbani mikono mitupu, najisikia kama nimeiba kitu. Ndiyo maana naona safari hii ni ngumu kuanzia mahali ambapo wengi hawapatazami. Miguu nimeizoeza. Kinachonishinda ni kujizoeza kwenda mahali bila sababu itakayomridhisha jirani.

Fundi wangu, kijana niliyemfundisha darasa la tano, hakunificha mawazo yake. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ya gia, iliyofika na kontena. Aliipindua matairi juu, akalizungusha gurudumu la nyuma na kusogeza kidole gumba karibu na rimu. Kila mzunguko, rimu ilikigusa kidole mahali pale pale. «Mwalimu, hapa linacheza.» Akakaza spoku moja, akalegeza ya upande wa pili, akazungusha tena, mpaka kidole kikabaki hewani na gurudumu likapita bila kukigusa. Kazi safi. Ugomvi ulikuja kwenye karia. Alikuwa ameshakata vyuma vizito vya kuchomelea, vya kubeba magunia matatu. Nikamwambia nataka karia ndogo, ya hema na blanketi. Akanitazama kwa huruma. «Sasa Mwalimu, chuma hicho kitakufaa nini ukirudi?»

Hema nililetewa na binti yangu anayeishi Kampala. Nilipolitandaza uani, watoto walisimama mbali. Kwa mtoto wa Beni au Butembo hema si matembezi. Ni turubai jeupe lenye herufi za shirika la wakimbizi, HCR, ni waliokimbilia Oicha, ni foleni ya maji. Tangu mauaji yalipoanza kuizunguka Beni mwezi Oktoba 2014, watu wamehama vijiji vizima, wakarudi, wakahama tena. Katika ua wetu anaishi mama mmoja aliyekimbia na watoto wake kutoka upande wa Eringeti, na kabla ya kufika kwetu alilala chini ya turubai kwa muda mrefu. Alinitazama nikihangaika na vijiti, akashindwa kujizuia.

«Mwalimu, wewe unalipa ili ulale nje?»

«Ninalipa, mama.»

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapandisha kitenge magotini, akaja kushika kazi. Mlango, alisema, usiutazamishe upande mvua inakotokea. Kamba usizivute kwa zamu kuzunguka. Vuta pembe hii, kisha ile inayoikabili, la sivyo hema lote linapinda. Kabla ya yote chimba mfereji wa upana wa jembe, na udongo uurundike upande wa hema ili maji yasirudi kwako. Akapapasa kitambaa. «Hili jepesi. Lile letu usiku lilikuwa linatoa jasho, linadondoka usoni.» Kuhusu viatu alikuwa mkali: viwekwe upande wa kichwa, mdomo wa kiatu ukielekea mkono wa kulia. Nilidhani ni kwa sababu ya wezi. Kumbe ni kwa sababu usiku wa kukimbia hakuna muda wa kuvitafuta. Nikamwambia huko Kasese sitakimbia.

«Weka tu, Mwalimu.»

Kaka yangu hakuona la kuchekesha. «Dada, watu wanalala kwenye turubai kwa kulazimishwa, nawe unakwenda kuligeuza mchezo?» Hoja hiyo ilinikaa kooni kwa siku nyingi, na sidhani nimeimeza yote. Lakini kama nitaacha kila kitu ambacho vita na maradhi vimekigusa, nitabaki na nini? Msitu umeguswa, shamba limeguswa, hata kunawa mikono penye bariera kunanirudisha kwenye Ebola ya 2018 hadi 2020. Wanaotufukuza mashambani wameamua mengi sana juu ya maisha yetu. Sioni kwa nini waamue pia kwamba mwanamke wa Butembo asitazame nyota kupitia mlango wa hema akiwa na amani. Yule mama wa Eringeti, ambaye ndiye mwenye haki ya kukasirika, hakukasirika hata kidogo. Alitaka kujua jambo moja tu: nikirudi, lile turubai la kutandika chini nitalifanyia nini.

Baiskeli sitaipandia nyumbani. Butembo hadi Beni ni kilomita 54, Beni hadi Kasindi 80, na ndiyo njia ambayo Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua ujenzi wake Juni 2021. Ingependeza kushuka kutoka kwenye baridi yetu, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, mpaka joto la daraja la Semliki, Rwenzori iko kushoto. Lakini barabara hiyo imeua watu, na ujasiri wa aina hiyo nawaachia wasio na wajukuu. Baiskeli itapanda lori mpaka Kasindi, nami nitakaa mbele na dereva. Ng'ambo nako si peponi. Juni 2023 wanafunzi waliuawa usiku shuleni kwao Mpondwe, na Oktoba ya mwaka huo huo watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Kwa hiyo nitalala panapolindwa: ua wa parokia, shule, na karibu na Fort Portal kwenye kambi ya wanakijiji pale Ziwa Nkuruba. Kipande kinachokatiza hifadhini nitakipita jua likiwa juu, maana tembo huvuka barabara ile na hawapigi honi.

Kusema kweli, tembo hawanitishi kama upande wa barabara. Kwetu tunapita kulia. Ukivuka daraja la mpakani unapita kushoto, na malori yanayopishana pale hayana subira na mwanafunzi mzee. Na saa nayo inaruka moja mbele. Tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kichwa cha mwendesha baiskeli hakibadiliki kwa mkataba. Kila ninapofika kwenye kona mjini najiuliza kimoyomoyo: ningekuwa Bwera, ng'ambo ya mpaka, ningetazama wapi kwanza?

Mwaka 1992 Dervla Murphy, mwandishi wa Ireland aliyekuwa ameshatimiza miaka 60, alitoka Kenya kwa baiskeli, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hadi Zimbabwe, kisha akaandika kitabu alichokiita The Ukimwi Road. Namheshimu, na umri wake ulinipa moyo. Hata hivyo safari yake na yangu hazifanani. Yeye alikuwa mgeni tangu hatua ya kwanza. Mimi nitavuka nikiwa na pasi na kadi ya manjano ya chanjo, nitaulizwa maswali yote ya mpakani, halafu mita chache mbele muuza chapati atanisalimia kwa lugha ya mama yangu, nami nitamwambia «wasingya», asante, kama ninavyosema sokoni Butembo. Ugenini kwangu kutaanzia mbele ya Kasese, kwa Watooro, barabara inapoanza kupanda. Huko ndiko nataka kufika: mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni dada wa nani, wala nilimfundisha nani.

Binti yangu alipendekeza anifuate nyuma na gari, polepole. Nilimkatalia, tukapatana nimpigie kila jioni kabla ya saa moja, saa ya Uganda. Kaka naye ameanza kulegea, kwa namna yake. Juzi aliniletea karatasi yenye orodha: vitenge vya aina fulani anavyoviamini kuwa ni rahisi Kasese, betri, na kamba za nailoni, «kwa kuwa kinga itarudi tupu». Nilimpeleka kwa fundi akaone karia. Aliitikisa kwa mkono, akaipima kwa macho, akakunja karatasi yake akairudisha mfukoni.