Nani Alilipia Mngurumo?

Wacha nianze kwa kukiri: naipenda sana sauti ya injini ya V8. Nikikuta video ya Pontiac GTO ya 1964 ikiwashwa, naacha kazi niliyokuwa nikiandika na kuirudia mara tatu. Sina gari, na hilo GTO nimeliona kwenye skrini tu. Hata hivyo ule mngurumo hunifika tumboni. Swali linalonisumbua ni hili: je, mtu anaweza kupenda kitu bila kuwa mshirika wa madhara yake?

Tuanze na gari lenyewe. General Motors ilikuwa na kanuni ya ndani kwamba gari la ukubwa wa wastani lisipewe injini inayozidi inchi 330 za ujazo. John DeLorean na wenzake kule Pontiac wakaona mwanya. Waliichukua V8 ya inchi 389, karibu lita 6.4, wakaitoa kwenye gari la Tempest kama nyongeza ambayo mnunuzi anajichagulia mwenyewe. Farasi 325, si mchezo. Kampuni ilitarajia kuuza magari 5,000. Mwaka wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 32,000. Wengine wakafuata mbio. Mwaka wa 1966 Chrysler ilileta barabarani Hemi ya inchi 426, na kufikia 1970 kulikuwa na Chevrolet Chevelle iliyotangazwa kuwa na farasi 450.

Sitaki kuwa mnafiki hapa. Magari haya ya misuli hayakuwa anasa ya matajiri peke yao. Tangu Ford ilipotoa V8 ya bei nafuu mwaka wa 1932, kijana wa kawaida wa Marekani angeweza kuota nguvu ambazo awali zilikuwa za wenye magari ya kifahari. Mtu anayefanya kazi kiwandani wiki nzima, Jumamosi usiku anakanyaga mafuta na kwa sekunde chache hakuna bosi anayemfikia. Raha kama hiyo siwezi kuidharau.

Lakini injini hizo zilikuwa na mgandamizo mkubwa, kwenye GTO zaidi ya 10 kwa 1. Ukiipa injini kama hiyo petroli dhaifu, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na injini inaanza kugonga. Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana mwaka wa 1921, pale Thomas Midgley wa maabara ya General Motors alipogundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa madini ya risasi kinanyamazisha mgongo huo. Kwa hivyo ile petroli nzuri ya miaka ya sitini, iliyoyawezesha magari ya misuli kunguruma vile, ilikuwa na risasi ndani. Na risasi haikuishia kwenye injini. Ilitoka kwenye ekzosi ikaingia hewani, kwenye vumbi, kisha kwenye damu za watoto, ambako huharibu ubongo unaokua.

Kuna anayesema, "Hawakujua." Walijua. Mwaka wa 1924 wafanyakazi watano walikufa kwenye kiwanda kimoja kule New Jersey kilichokuwa kikitengeneza dawa hiyo, baada ya kurukwa na akili. Walijua pia kwamba alkoholi ingeweza kuzuia kugonga kule. Ila alkoholi ilitengenezwa na yeyote, na dawa ya risasi ilikuwa na hataza. Kwa maneno mengine, mngurumo wenyewe haukuhitaji sumu. Faida ndiyo iliyoihitaji.

Mwingine atasema kila raha ina gharama. Ni kweli, lakini lazima tuulize nani analipa. Ukinywa pombe leo ukaamka na kichwa kinauma, hiyo ni yako. Ukinywa karo ya mtoto, hiyo si raha yako tena, ni deni ulilomwandikia mwenzako bila kumuuliza. GTO ya kwanza ilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na dereva aliyelikimbiza alijua angalau kwamba anacheza na shingo yake. Mtoto aliyelala dirisha likiwa wazi kando ya barabara hakujua kitu. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, miaka kadhaa baada ya mimi kuzaliwa Nairobi. Risasi ikiingia mwilini hukaa mifupani miaka mingi. Tangazo kwamba petroli hiyo imekwisha duniani kote lilitolewa Agosti 2021 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa Gigiri. Algeria ilikuwa ya mwisho kuiacha. Karne nzima ilipita tangu ugunduzi wa Midgley.

Siku hizi Dodge wanauza gari la umeme lenye mitambo ya kutoa mngurumo wa kuigiza. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona kwamba nilichokuwa nikikitafuta mwenyewe ni hicho hicho: raha isiyo na bili. Haipo. Betri nyingi za magari ya umeme zina kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, ambako kuna watu, hata watoto, wanaoichimba kwa mikono. Gari limenyamaza, lakini bado kuna anayelipa.

Kwa hivyo sijaacha kuipenda V8. Kujilazimisha kuchukia kitu kizuri hakumrudishii mtu yeyote afya yake. Ninachokataa ni kupenda huku nimefumba macho. Jana usiku nilifungua tena ile video ya GTO. Nilipofika sekunde ile moshi unapotoka kwenye ekzosi, kwa mara ya kwanza niliangalia unakoelekea.