Mwamini Mungu si mtovu

Methali hii imeandikwa kwenye kanga na nyuma ya magari ya abiria, na Mwislamu na Mkristo huitumia bila kugombea nani mwenyewe. Ni mali ya pwani, ya watu waliokuwa wakilitaja jina la Mungu kwa Kiswahili karne nyingi kabla kengele ya kanisa haijasikika Mombasa. Mkristo ameikuta tayari, akaipenda, akaihamishia kwenye mahubiri na salamu za rambirambi. Lakini ina tabia moja ya kutatiza. Mwenye nacho haambiwi methali hii. Huambiwa aliyeachishwa kazi, au mjane ambaye mashemeji wamekuja na lori kubeba vitanda, au mzee anayeuza kiwanja cha mwisho ili alipie dawa. Mtu wa namna hiyo, akiwa na akili timamu, atajiuliza: kama mwamini Mungu si mtovu, na mimi hapa sina kitu, basi kati ya Mungu na imani yangu kimojawapo ni cha uongo.

Hilo ni swali la haki, na haliondoki kwa kuambiwa "kaza moyo".

Tuiweke kwanza karibu na ndugu zake. "Baada ya dhiki faraja" ni methali ya kalenda: leo ni zamu ya hili, kesho zamu ya lile. "Mstahimilivu hula mbivu" nayo inaelekeza macho mbele, kwenye siku ya kuvuna. Hizo zinamtaka mtu asubiri. Hii yetu haina baada wala kesho. Inadai kwamba mtu huyu si mtovu sasa hivi, akiwa bado ndani ya dhiki, mfuko ukiwa mtupu vilevile. Ndiyo maana ni ngumu kuliko wenzake. Tukumbuke pia kwamba katika maneno ya kila siku hatumwiti mtu mtovu wa gari au mtovu wa nyumba. Tunasema mtovu wa adabu, mtovu wa nidhamu, mtovu wa shukrani. Utovu unamhusu mtu mwenyewe kabla ya kuhusu ghala lake, na methali inapokana utovu haijasema lolote kuhusu ghala kujaa.

Kwa Mkristo, mahali pa kuipimia ni sura ya 17 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Eliya amemwambia mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha. Ukame ule ulidumu miaka mitatu na nusu kwa hesabu ya Yesu katika Injili ya Luka, na tunasahau upesi kwamba ulimpata pia yule aliyeutangaza. Mungu anamtuma Eliya kwenye kijito cha Kerithi, mashariki ya Yordani, na kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Ametii. Yupo mahali hasa alipoambiwa awepo. Kisha kijito kinakauka.

Hapo mahubiri mengi hupita mbio, nami nadhani ndipo penye uzito. Kijito hakikukauka kwa sababu Eliya alikuwa ametenda dhambi ya siri, au kwa sababu fungu la kumi halikutimia. Kilikauka kwa sababu mvua haikunyesha, na mvua haikunyesha kwa neno la Mungu alilolitamka nabii mwenyewe. Kumbe mtu anaweza kuwa ndani ya utii kamili na bado maji yakaisha miguuni pake. Marafiki wa Ayubu, waliodai kwamba mateso yake yalikuwa adhabu ya dhambi, hawakulijua hilo, na uzao wao ni mkubwa hadi leo.

Agizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Eliya aende Sarepta, mji wa Sidoni, yaani kwa watu wa Yezebeli, malkia aliyekuwa akiwaua manabii. Na atakayemlisha huko ni mjane, asiye wa taifa lake. Anamkuta langoni mwa mji akiokota kuni. Anamwomba maji, mama anakwenda kuyaleta. Anamwomba na kipande cha mkate, hapo ndipo mama anasema ukweli wote: amebakiwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, anataka kupika chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa. Eliya anamwambia asiogope, ila aanze kumtengenezea yeye kimkate kidogo, halafu ajipikie yeye na mwanawe, kwa maana unga hautaisha mpaka mvua inyeshe.

Mjane hakuwa na nafasi ya kuamini kwanza na kutii baadaye. Unga ulikuwa mmoja. Kama angeitikia "amina" kwa sauti kubwa na kuufungia unga wake kabatini, asingekuwa ameamini chochote. Imani yake ilikuwa ni kule kuukanda. Methali nayo haimsifu msema Mungu wala mwimba Mungu. Inamtaja mwamini, na kuamini kwa namna hii huonekana mikononi kabla ya kusikika mdomoni.

Unga haukuisha. Lakini andiko halisemi kwamba pipa lilijaa. Hatusomi kwamba mjane aliamka akakuta magunia yamepangwa hadi darini, akafungua duka. Kila siku aliinama, akakuta pipa halijawa tupu, akapika. Mtu wa kupiga hesabu angeingia nyumba ile siku yoyote ya ukame, angeandika kwamba hapa pana familia fukara ya watu watatu isiyo na akiba, na asingekosea. Utovu, hata hivyo, haukuwamo. Waliokuwa wakingoja kufa walikuwa wakila, na waliokuwa hawana neno la kesho walikuwa nalo moja la kushika.

Kisha mtoto akaugua, akafa. Hilo lilitokea baada ya utii, ndani ya nyumba ya muujiza, nabii akiwa anakaa ghorofani. Mama alimgeukia Eliya kwa maneno makali, akimuuliza kama alikuja kumkumbusha dhambi zake na kumuua mwanawe. Eliya naye alipanda na maiti ya mtoto, akamlilia Mungu kwa maneno yaliyokaribia lawama. Hakuna aliyekemewa. Mtoto alirudi kuwa hai, na tunashukuru, ila tusikimbilie mwisho wa hadithi kabla ya kukisikia kilio cha katikati. Wapo wanaodhani kumtumaini Mungu ni kukaza uso na kusema "sijambo" huku moyo unachuruzika damu. Zaburi nyingi zisingeandikwa kwa kanuni hiyo.

Sasa niseme la kero. Mjane huyu amegeuzwa kuwa chombo cha kuchangishia. Mhubiri anasimama, namba ya simu ya kutuma pesa iko kwenye skrini nyuma yake, anawaambia watu watoe cha mwisho walicho nacho kama mama wa Sarepta. Anachoacha ni kwamba Eliya hakuondoka na ule mkate. Alihamia nyumba ileile, akala kutoka pipa lilelile siku nyingi, na kama unga ungeisha angelala njaa pamoja na wenyeji wake. Anayepokea pesa ya dawa ya mjane, kisha akapanda gari lenye vioo vyeusi kwenda kulala mjini, hajakaa Sarepta hata usiku mmoja.

Na utii ukipotoka unaweza kuwa mbaya kuliko wizi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wa kundi moja la dini, watoto wengi wakiwamo, walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Ilisemwa kuwa ni imani na utii. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja, tofauti haihitaji shahada ya theolojia: Mungu wa Sarepta alimkuta mama akijiandaa kufa na mtoto wake, akawapa chakula. Sauti yoyote inayomchukua mama anayeishi na kumwelekeza kwenye kufa na mtoto wake inatoka kwingine, hata ikijaa maandiko.

Kaunti hiyohiyo ya Kilifi ina vilima vya Rabai, na huko kuna historia ambayo naiona inaifaa methali yetu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Juni mwaka huo alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Julai akamzika mkewe Rosine, na siku chache baadaye binti yao mchanga, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Homa ilikuwa imemlaza na yeye pia. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile walihesabu kuwa dalili ya kazi kuanza, akarudi kwenye kurasa zake.

Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakaweka kituo Rabai. Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, na wajuzi wa jiografia London wakamcheka. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba alikaa miaka 29, na waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mmoja wa mwanzo, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Mwaka 1875 Rebmann aliondoka akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafa huko Ujerumani. Kamusi yake ya Kinyanja ilichapishwa mwaka 1877, yeye hayupo. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf nayo ilitoka mwaka 1882, mwandishi wake akiwa amefariki mwaka uliotangulia.

Wanahistoria wana mengi ya kuwauliza wamisionari wale, na wana haki. Mimi nawatazama kwa swali la methali tu. Ni rahisi kusema faraja yao ni yale yaliyotokea baadaye: Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, Rabai kuwa kimbilio la watumwa watoro, makanisa yaliyojaa. Lakini jibu hilo ni la "baada ya dhiki faraja", na Rebmann hakuyaona hayo. Methali ya leo lazima isimame asubuhi moja ya kawaida mle Rabai, miaka 20 imepita, macho yanafifia, na hakuna mtu mpya aliyekuja kusikiliza. Alichokuwa nacho asubuhi hiyo ni neno jingine la kuuliza na kuandika, na aliyemwita kuifanya kazi hiyo alikuwa bado hajamwambia aache. Kama hilo si kitu, methali ni uongo. Naamini ni kitu, ingawa sidhani kwamba mtu anaweza kuthibitishiwa hilo na mwingine kwa hoja.

Ndiyo sababu nashauri tuwe waangalifu kuhusu nani aiseme. Methali hii ikitoka kinywani mwa aliye ndani ya dhiki ni ushuhuda. Ikitoka kinywani mwa mgeni aliyeshiba inaweza kuwa njia ya kukwepa gharama, na Waraka wa Yakobo unamkemea waziwazi anayemuaga ndugu asiye na nguo wala chakula kwa maneno mazuri matupu. Hata Sarepta mkate haukushuka kutoka angani. Eliya alilishwa na mikono ya mjane. Mungu akitaka mwamini wake asiwe mtovu, mara nyingi humtuma jirani. Zipo jumuiya ndogondogo zinazolifanya hili bila mahubiri marefu: daftari linapita, mmoja anaandika debe la mahindi, mwingine elfu mbili, mwingine siku moja ya kulima shamba la mgonjwa, na anayepelekewa haambiwi nani alitoa nini.