Je, Mkoko ni Mti wa Chakula?



Zamani nilipofundisha Chuo cha Ualimu, wanafunzi wangu waliweza kuitaja misunobari ya kaskazini ya mbali, isiyopukutisha majani hata wakati wa theluji. Lakini hakuna aliyeutaja msitu wetu wenyewe usiokauka majani, yaani mikoko ya delta ya Rufiji, hekta zipatazo 50,000, msitu mkubwa kabisa wa namna hiyo ulio mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki.

Majuzi, hapa Kibiti, mkulima mmoja wa deltani aliniuliza swali lililonikosesha usingizi. Alisema, "Mwalimu, mimi nafyeka mikoko nipande mpunga. Mkoko hauzai tunda nikala. Naambiwa ni hifadhi. Je, watoto wangu wale hifadhi?"

Torati inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa vita, kwa maana watu hula kwayo. Mti usio wa chakula waweza kukatwa. Basi mkoko uko upande gani? Tunda lake hatuli. Lakini kamba wachanga na samaki hukulia katika mizizi yake, ndipo mvuvi apate kitoweo. Kwa hiyo mkoko ni mti wa chakula, ila chakula chake huvuliwa na mtu mwingine. Na shamba lile la mpunga, baada ya miaka michache magugu huzidi, mkulima akalihama na kufyeka tena.

Hivyo naamini ya kwamba kufyeka ni kosa kwa jirani. Lakini sikuthubutu kumwambia hivyo upesi. Nyumba yangu mwenyewe imesimama kwa boriti za mikoko, kama zile zilizosafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni kwa karne nyingi. Na mchele wa deltani nimeununua mara nyingi, nikifurahia bei yake. Panga alilishika yeye, lakini faida tuligawana.

Ndugu zangu, amri ya "usikate" ni ya haki. Hata hivyo, haki hiyo haikamiliki ikiwa anayekatazwa ni yule mwenye njaa peke yake, na sisi wenye boriti tukakaa kivulini tukimhukumu. Anayezuia panga sharti kwanza aulize chunguni mna nini, kisha apunguze cha kwake.

Mkulima yule atarudi siku ya soko. Nitaanza kwa kumwonyesha dari langu.