Karamu ya Idi na Mchezo wa Kiinimacho

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa mjini: Chama cha starehe kikiwakusanya wanachama na watoto wao kwa chakula cha mchana siku ya Idi Ndogo, kisha baada ya pilau kikamleta mfanya mazingaombwe awachezee, je, jambo hilo lafaa au halifai?

Jibu: Kwanza yatupasa tujue ya kuwa furaha ya Idi si haramu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaacha Mahabushi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye akamsitiri Bibi Aisha apate kuwatazama. Basi adhaniye kuwa uchaji Mungu ni kukunja uso siku hiyo, amekosea. Wala hatuwalaumu wakubwa wa vyama kwa kuwalisha watu, madhali Zaka ya Fitri imetolewa kabla ya Sala na maskini wa jirani hawakusahauliwa.

Lililobaki ni huyo mchezaji. Uchawi ni katika madhambi saba yaangamizayo. Hilo halina shaka. Lakini wanavyuoni wamepambanua baina ya uchawi na hila. Imamu Al-Jassas, aliyekufa mwaka 370 wa Hijra (981), amepokea ya kuwa fimbo na kamba za wachawi wa Firauni zilitiwa zebaki ndani, nayo ilipopata moto zikaonekana kama zatembea. Uhai haukuwamo; ni macho ya watu yaliyodanganywa.

Basi hatari kubwa haimo katika mkono wa mchezaji, bali imo katika moyo wa mtazamaji. Mtoto aonaye sarafu ikitolewa sikioni mwake, asiambiwe kuwa ni wepesi wa vidole, kesho atamwona mganga akimtoa mamake mgonjwa msumari mwilini, naye atasadiki. Mkono ni ule ule! Tofauti ni kuwa wa kwanza alilipwa ujira wa mchezo, na wa pili atachukua fedha ya dawa, na mama atabaki na ugonjwa wake.

Na tuzingatie yaliyowapata ndugu zetu wa Aljeria. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka huko Robert-Houdin, bingwa wa mazingaombwe, ili masheha wa Kiarabu waone kuwa Wafaransa wawashinda watu wao wa miujiza. Aliweka kasha dogo jukwaani, akamwita mtu mwenye nguvu alinyanyue. Mara ya kwanza alilinyanyua kwa wepesi. Mara ya pili alishindwa kabisa, kisha akatetemeshwa akapiga ukelele. Siri yake ilikuwa sumaku ya umeme chini ya sakafu. Nchi ile ilitawaliwa na Wafaransa hata mwaka 1962. Hatusemi kuwa kasha lile ndilo lililoitawala, lakini mtawala alijua vyema ya kuwa watu wanaotishwa kwa kiinimacho ni wepesi kuongozwa.

Dawa yake twaijua tangu zamani. Mwaka 705 wa Hijra, huko Damascus, watu fulani walijigamba kuwa waingia motoni wasiungue. Sheikh Ibn Taymiyya akawaambia: Haya, na tuingie sote, lakini kwanza tuoge kwa siki na maji ya moto, maana alijua ya kuwa hujipaka mafuta yanayozuia moto. Wakarudi nyuma.

Kwa hivyo twasema: Mchezaji akidai kujua ya ghaibu, au kutumia majini, au kutabiri bahati, kumwita ni haramu na kumtazama ni haramu. Mtume ametuonya kuwa amwendeaye mpiga ramli na kumwuliza, Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Na akiwa ni mwenye hila ya mkono tu, wako wanavyuoni waliokataza hata hiyo. Na bora kwa chama ni kumwacha, kwani michezo ya halali ni mingi. Lakini ikiwa amekwisha kualikwa, basi na asimame mkubwa wa chama awaambie watoto waziwazi kuwa hii ni hila, kisha mchezaji awafunulie mojawapo. Hapo karamu itakuwa darasa, na mtoto atarudi nyumbani hali ana silaha ya kumkabili kila mwenye kuuza hirizi.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, atujaalie kuifuata. Amin.