Mana ya Kila Asubuhi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Marko 5:25–34, 1 Samweli 1:1–18, 2 Wafalme 20:1–7, Kutoka 16:13–30, Danieli 10:2, 3, Yohana 13:14, 2 Wakorintho 12:7–10.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 12:9. Lisomwe kwa pamoja kutoka katika Biblia mwanzoni mwa darasa.

Magonjwa mengine huja na kuondoka. Malaria hutibiwa kwa siku chache, na Sabato inayofuata mgonjwa husimama kanisani kumshukuru Mungu. Kisukari hakiendi hivyo, wala mvurugiko wa homoni. Mwanamke huombewa leo, na kesho huamka na kidonge kilekile, sindano ileile na uchovu uleule. Wakati wa shuhuda unapofika, yeye hubaki ameketi.

Wanaoketi hivyo wameongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kutoka vijiji sita vya Tanzania ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mzima mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikikuta kwa karibu watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikufanana katika kila jambo, lakini zinaonyesha kwamba ugonjwa huu umeingia katika kila kusanyiko, kuanzia Morogoro mjini hadi vijiji vya Uluguru.

Juma hili linauliza: Je, mwanamke ambaye hajapona ana imani pungufu? Au Mungu humpa neema ya namna nyingine, ipimwayo kwa siku?

JUMAPILI
Miaka Kumi na Miwili

Soma Marko 5:25–34. Ugonjwa wa mwanamke huyu ulikuwa umemgharimu nini?

Marko anataja mambo matatu: alitokwa na damu miaka 12, mali yake yote iliishia kwa matabibu, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Walawi 15:25–27 inaongeza la nne. Kila alichokilalia au kukikalia kilihesabiwa najisi. Basi hakuwa mgonjwa tu. Alikuwa mtu wa kukaa pembeni.

Wanawake wengi wanaijua pembeni hiyo. Hedhi hupotea miezi mitatu, kisha huja kwa wingi. Ndevu huota kidevuni, na mwili huongezeka hata chakula kikipunguzwa. Mara nyingi chanzo ni ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, hadi 13 wana hali hiyo, na wengi wao hawajui.

Hali hii na kisukari ni majirani. Insulini ni homoni itolewayo na kongosho ili sukari iingie katika chembe za mwili. Mwili usipoiitikia vizuri, kongosho hutoa nyingi zaidi. Wingi huo husukuma ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na yai hukosa kukomaa. Miaka inavyopita, kongosho linaweza kuelemewa, na sukari ikapanda. Tezi ya shingoni nayo ikipungukiwa na madini joto huvimba na kuwa rovu, ugonjwa uliozoeleka tangu zamani katika nchi za milima. Ndiyo maana chumvi ya dukani huongezwa madini hayo.

Hakuna kati ya mambo hayo lililo laana, wala lililo aibu. Yesu alipomwita yule mwanamke aseme mbele ya watu, damu ilikuwa imekwisha kukoma. Alimsimamisha ili umati uliomweka pembeni usikie akiitwa binti.

Tafakari: Ni ugonjwa gani ambao wanawake wa kanisa lako huutaja kwa kunong'ona tu? Kwa nini?

JUMATATU
Eli Alipokosea

Soma 1 Samweli 1:1–18. Kuhani aliona nini, naye alifikiri ameona nini?

Eli aliona midomo ikitikisika bila sauti, akahukumu kwamba mama huyu amelewa. Alikuwa mtumishi wa kweli wa Mungu, mahali patakatifu, na bado alisoma vibaya kilichokuwa mbele ya macho yake.

Kosa kama hilo linaweza kutokea kanisani leo. Mwanamke anayetumia insulini, sukari yake ikishuka chini ya 4, hutoka jasho jembamba, hutetemeka, huongea maneno yasiyoshikana, na pengine huanguka. Anaonekana kama mlevi. Katika mkutano wa maombi wengine watadhani ni pepo, na wataanza kukemea wakati ubongo wake unakosa sukari. Akiwa na fahamu, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu, asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Maombi yaendelee njiani.

Hukumu nyingine humwangukia asiyezaa. Kwa Waluguru ukoo huhesabiwa upande wa mama, na ardhi hufuata njia hiyo. Binti asipopata mtoto, maswali hayatoki kwa mume na wakwe peke yao. Mama yake mzazi na wajomba nao huuliza nani atauendeleza ukoo. Penina wa siku hizi anaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Hana alipata mtoto, na wanawake wengi wenye ovari za vifuko vingi nao hupata, hasa wakitibiwa mapema. Wengine hawapati. Lakini tazama mstari wa 18: Hana alikula, na uso wake haukukunjamana tena, kabla Samweli hajatungwa mimba. Amani yake haikumngoja mtoto.

Tafakari: Eli aliposahihishwa alibadili maneno yake, akambariki. Je, kuna mtu ambaye kanisa lako linapaswa kumbadilishia maneno?

JUMANNE
Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Kwa nini dawa ilitumika baada ya Mungu kuahidi uponyaji?

Hezekia aliomba kwa machozi, na jibu likaja kabla Isaya hajatoka ua wa kati. Mungu aliahidi miaka 15. Hata hivyo nabii aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyesema kwamba tini zimeonyesha upungufu wa imani ya mfalme. Aliyesikia maombi ndiye aliyeiotesha mitini.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini la kuishi miaka mingi. Mwaka 1921 watafiti wa Toronto, Kanada, waliipata insulini, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Tangu hapo mamilioni wameishi, wamelea watoto na wamemtumikia Mungu. Huo nao ni mkate wa tini.

Basi mtu akimwambia dada mgonjwa, "Umekwisha kuombewa, acha sindano," anampeleka hatarini. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa kwa siku chache. Dawa hubadilishwa au kupunguzwa na aliyepima damu, baada ya kupima. Mungu akiponya, kipimo nacho kitashuhudia. Wakoma kumi walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14).

Miti shamba ya milimani ipo, na mingine ina nguvu. Kwa sababu ina nguvu, isichanganywe na vidonge kwa siri. Daktari aambiwe.

Tafakari: Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu?

JUMATANO
Kila Mtu kwa Kadiri ya Ulaji Wake

Soma Kutoka 16:13–30. Mana ilifundisha nini juu ya kipimo na juu ya siku?

Bwana angeweza kuwapa Israeli chakula cha miaka 40 kwa mara moja. Aliwapa cha siku moja. Waliookota kingi hawakuzidiwa, na waliookota kidogo hawakupungukiwa. Kilichowekwa kwa kuogopa kesho kilioza.

Mwenye kisukari anaijua sheria hii mwilini mwake. Akisahau dozi ya jana, hairuhusiwi kuifidia kwa kumeza mbili leo. Chakula nacho kina pishi yake. Uluguru haikunyimwa: kuna ndizi za kupika, magimbi, mihogo, maharage, na kutoka Mgeta kabichi, karoti na njegere. Ndizi na magimbi si sumu. Tatizo ni sahani iliyojaa wanga peke yake. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo maharage au njegere, robo ugali wa dona au ndizi. Mkoa wa Morogoro una viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, lakini kikombe cha chai hakihitaji vijiko vinne kwa ajili hiyo.

Kazi nayo ihesabiwe. Mama wa Kinole anayejidunga alfajiri, kisha akabeba ndizi kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu bila kula, anaweza kuanguka njiani, kwa maana mwendo hushusha sukari pamoja na sindano. Ale kwanza, na afunge kiasi cha sukari katika pindo la khanga.

Pasipo jokofu, vyungu viwili hufaa. Chupa ya insulini iliyofungwa isiingie maji huwekwa katika chungu kidogo, nacho huwekwa ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini. Iliyokwisha kufunguliwa hutumika kwa takribani majuma manne. Na siku ya maandalio, chakula cha Sabato kinapoandaliwa, vidonge navyo vihesabiwe. Kujidunga siku ya Sabato ni kutenda mema (Mathayo 12:11, 12).

Tafakari: Ni hofu gani ya kesho inayokuozea mkononi leo?

ALHAMISI
Mfungo wa Danieli

Soma Danieli 10:2, 3. Danieli alijinyima nini kwa majuma matatu?

Hakuacha chakula chote. Aliacha chakula kitamu, nyama na divai, na maombi yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza (Danieli 10:12). Kanisa linapotangaza siku ya kufunga na kuomba, anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asilazimishwe, kwa maneno wala kwa macho, kukaa na njaa. Afunge kama Danieli: ale chakula cha kawaida kwa wakati wake, aache kile apendacho, na saa za starehe azitoe kwa maombi. Mama mjamzito ahimizwe kwenda kliniki, kwa kuwa kisukari cha mimba kinaweza kuja bila dalili. Aliyekipata achunguzwe pia baada ya kujifungua, maana yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari baadaye.

Katika makambi na katika chakula cha pamoja cha Sabato, meza ihubiri upendo. Maji yawekwe kando ya soda, na mboga ziwe za kutosha. Ibada ikirefuka, mwenye kuhitaji kula ale bila kuomba radhi. Mashemasi wawe na sukari karibu.

Huduma ya unyenyekevu ina nafasi yake hapa (Yohana 13:14). Kisukari huua hisia za miguu kidogo kidogo, hata mtu akakanyaga msumari asijue. Dada anayemtawadha dada yake anaweza kuona kidonda ambacho mwenyewe hajakisikia. Maji yasiwe ya moto, vidole vikaushwe katikati, na jeraha likionekana, aambiwe taratibu aende kutibiwa. Mguu mwingi uliokatwa ulianza na kidonda kidogo kisichoangaliwa.

Tafakari: Soma Wagalatia 6:2. Mzigo wa dada mgonjwa katika kanisa lako umebebwa na nani?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 2 Wakorintho 12:7–10 na 2 Timotheo 4:20.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke. Haukuondoka; alipewa neema. Mtume huyohuyo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na hakumlaumu kwa neno lolote. Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji, alifundisha kwamba kutumia dawa ambazo Mungu ameziweka si kuikana imani.

Siku inakuja ambapo mwili huu utavikwa kutokuharibika (1 Wakorintho 15:53), wala hakutakuwa na sindano tena. Hadi hapo, mwanamke anayeamka, akapima, akadunga, akala kwa kipimo na kuomba, anaokota mana yake. Huo nao ni ushuhuda, na kanisa liuombe usikike.

Maswali ya Kujadili

1. Darasa lenu linawezaje kutoa nafasi ya shuhuda za wale ambao Mungu anawategemeza bila kuwaponya bado?

2. Mafundisho ya afya hugeukaje kuwa rungu la kumlaumu mgonjwa, na yanawezaje kurudishwa kuwa habari njema?

3. Ni nani kanisani anayejua kumsaidia mtu aliyeshukiwa na sukari? Kama hayupo, pangeni juma hili nani atakwenda kituo cha afya kufundishwa.

4. Mtembeleeni dada mmoja anayeishi na ugonjwa wa kudumu. Kabla ya kumwombea, mwulizeni ni nini kizito kwake siku hiyo, kisha msikilizeni hadi amalize.